Matuta ya Uluguru na Bahasha ya Kaki

Lipo shtaka ambalo kila mhitimu wa chuo kikuu nchini mwetu amelisikia walau mara moja, ama katika hotuba ya mgeni rasmi siku ya mahafali, ama kutoka kwa mjomba wake nyumbani: kwamba vijana wa leo wanachagua kazi. Wamemaliza masomo, wamebeba bahasha ya kaki, wanazunguka ofisi baada ya ofisi, ilhali ardhi ipo na mvua inanyesha. Hapa Morogoro shtaka hili hutolewa kwa kunyoosha kidole juu. Mlima wote ule, huulizwa, kwa nini hawaendi kulima?

Swali hilo linastahili jibu la kihistoria, kwa kuwa mlima wenyewe una historia ya kushtakiwa. Watu wa kwanza katika mkoa huu kuambiwa kwamba hawataki kazi hawakuwa na shahada wala stashahada. Walikuwa wakulima wa Uluguru, na kazi waliyoikataa ilikuwa ya kilimo hichohicho ambacho leo tunawahimiza wahitimu wakikimbilie.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Tanganyika ilikuwa na wasiwasi juu ya milima hii. Vilele vyake hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, miteremko yake ni mikali, na mito inayolisha Ruvu huanzia huko. Maofisa waliona udongo unaporomoka kila masika, wakahofia maji ya mji na ya mashamba ya tambarare. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mmomonyoko ulikuwapo. Mwaka 1950 ukaanzishwa mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi: kila mlipa kodi alitakiwa kuuchonga mteremko wa shamba lake uwe ngazi kwa ngazi, kwa jembe la mkono, bila ujira, chini ya macho ya wasimamizi. Aliyekaidi alipelekwa mbele ya baraza la wenyeji akatozwa faini.

Matokeo yake yanajulikana. Miteremko mingi ya Uluguru ina tabaka jembamba la udongo wenye rutuba. Ukiichimba ili upate ngazi pana, unaufukia udongo mzuri na kuuanika ule wa chini usiozaa. Mkulima alimaliza siku zake kuchonga tuta, kisha akapanda mahindi juu yake na kuvuna kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Tena ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wengi walilima mashamba ya koo nyingine kwa ruhusa ya wakuu wa koo hizo, na kwa kutoa ngoto kama ishara ya kutambua kwamba ardhi ina mwenyewe. Aliyeazimwa shamba ana sababu gani ya kulijengea ngazi ya kudumu? Na mkuu wa ukoo ana sababu gani ya kumruhusu mgeni aache alama ya kudumu kiasi hicho katika ardhi ya wajomba? Maswali haya mpango haukuyauliza. Uliuliza tu ni matuta mangapi yamechimbwa.

Julai 1955, upande wa Matombo, uvumilivu uliisha. Umati ulikusanyika kupinga kazi hiyo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na malalamiko ya matuta yakawa mlango wake wa kuingilia milimani, kama ilivyokuwa Usambara ambako mpango wa namna hiyo ulikataliwa vilevile. Kabla mwaka huo haujaisha, mpango wa Uluguru ulikuwa umekufa.

Hadi hapa ni hadithi ambayo wanahistoria wengi wameisimulia kama sura ya mapambano ya uhuru, nami sina ugomvi nao. Ila ipo sehemu yake inayotajwa kwa sentensi moja na kupitwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa mada ya ajira. Upande wa Mgeta matuta hayakukataliwa. Yalichimbwa, yakatunzwa, na yapo hadi leo. Mtu akipanda gari la kwenda Nyandira atayaona kwa macho yake: ngazi za mboga zinazoshuka mlimani, mifereji midogo ikipeleka maji kutoka tuta hadi tuta, kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vikisubiri lori la Dar es Salaam.

Ni watu walewale, Waluguru wa mlima mmoja, na jembe ni lilelile. Kuchonga ngazi Mgeta hakukuwa kwepesi kuliko kuchonga ngazi Matombo. Mgongo unauma sawasawa. Tofauti ni kwamba mkulima wa Mgeta alikuwa analima mboga za baridi kwa kumwagilia, na mboga zina soko la fedha taslimu. Kwake tuta lilishika maji na mbolea, likamlipa msimu uleule. Alijua kwa nini analichimba, aliamua mwenyewe liwe na upana gani, na alichovuna alikipeleka sokoni yeye au mkewe. Mtu wa Matombo alichimba kwa sababu ya daftari la msimamizi. Kwa hiyo wale waliosema Waluguru hawapendi kazi walipaswa kwanza waeleze ni kwa vipi uvivu ulianzia Matombo ukaishia kabla ya kufika Mgeta.

Tukishuka tambarare tunakutana na ushahidi mwingine wa jambo hilihili. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kandokando yake mashamba ya mkonge yakasambaa: Pangawe, Tungi, Kingolwira, hadi Kimamba kule Kilosa. Mashamba hayo yalihitaji maelfu ya mikono, na mingi ililetwa kutoka mbali sana, kutoka Kigoma, Songea, Urundi na Msumbiji. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU. Aliyeletwa aliitwa manamba, kwa kuwa alihesabiwa kwa namba. Alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojazwa. Siku asiyomaliza kiasi cha majani alichopangiwa haikuhesabiwa.

Mwenyeji wa karibu alikuwa na nafuu moja kubwa: shamba lake la chakula lilikuwa nyuma ya nyumba. Aliweza kwenda mkongeni juma hili akaacha juma lijalo, au akawauzia manamba ndizi na muhogo bila kuukata mkonge hata siku moja. Katika macho ya meneja wa shamba, mtu kama huyo hakuwa wa kutegemewa. Mimi namwona kama mfanyakazi pekee katika mandhari yote ile aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana, na kwa sababu hiyo ndiye aliyejua kwa hakika thamani ya siku yake.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Lugha yetu imehifadhi historia hii katika maneno tunayoyatumia bila kuyafikiria. Kibarua asili yake ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Manamba ni namba. Deiwaka wa daladala zetu ni mtu wa siku moja, anayeshika usukani mwenyewe akipumzika. Katika maneno yote matatu mfanyakazi ameitwa kwa jina la cheti chake, hesabu yake au muda wake, na hakuna hata moja linalotaja anachojua kukifanya. Linganisha na fundi, mganga, mhunzi, msusi.

Uhuru ulipokuja, swali la kazi lilihama kutoka milimani likaingia vyuoni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao, wakipinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa uliowataka wahitimu kutumikia miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400 kati yao, na papo hapo akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushei baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 likafuata andiko la Elimu ya Kujitegemea.

Andiko hilo linakumbukwa kwa shamba la shule. Ni haki kusema kwamba halikuwa limekusudia kile tulichokuja kukiona. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe na mapato yatumikeje, waone faida au hasara ya maamuzi yao. Alijua, na aliandika wazi, kwamba kazi ya kuamrishwa haifundishi kujitegemea. Lakini maandishi yalipofika shuleni, uamuzi ulibaki ofisini kwa mwalimu mkuu na jembe likabaki kwa mwanafunzi. Katika shule nyingi kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Kizazi kizima kilijifunza kwamba jembe ni kitu unachopewa ukikosea, kisha tukashangaa kizazi hicho kilipokua kikawaambia watoto wake wasome ili wasije wakalima.

Novemba 1974, mwaka uleule nchi ilipoingia katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, Azimio la Musoma likaongeza hatua nyingine. Mwanafunzi hakuweza tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Alipaswa kupitia JKT, kisha afanye kazi, kwa kawaida miaka miwili, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake. Idadi ya wanawake vyuoni ilishuka upesi kiasi kwamba ilibidi wasamehewe, na mapendekezo ya chama yalimpa katibu wa tawi mamlaka juu ya maisha ya mtu ambayo hakustahili kuwa nayo. Hata hivyo darasa la wakati ule lilikuwa na kitu ambacho madarasa yetu hayana. Mwanafunzi wa Kitivo cha Kilimo, kilichokuwa hapa Morogoro tangu 1969, aliingia akiwa amekwisha kufanya kazi, amekwisha kupokea mshahara, amekwisha kugombana na bosi. Alipofundishwa juu ya mkulima au mtumishi, alikuwa na wa kumlinganisha naye. Leo tunampokea kijana wa miaka 19 au 20 ambaye hajawahi kulipwa kwa lolote, tunamfundisha miaka mitatu, kisha tangazo la kazi linamdai uzoefu wa miaka mitatu.

Wakati ule, tusisahau, mwisho wa njia ulijulikana. Serikali ilimpangia mhitimu kituo cha kazi. Huenda hakukipenda, huenda kilikuwa mbali na kwao, lakini bahasha ya kaki ilikuwa ya kupokea barua ya uteuzi, si ya kubebea nakala za vyeti. Na mji huu ulijengewa viwanda vya kuwapokea hata wasiosoma sana: turubai, ngozi, viatu, nguo. Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Mwanauchumi William Easterly anaeleza kwamba hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Kilifungwa mwaka 1990. Ndiyo kusema ajira za Morogoro zilianza kupotea kabla wengi wa wahitimu wa leo hawajazaliwa, na hazikupotea kwa sababu wao walizichagua au walizikataa.

Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walikusanywa na kupelekwa vijijini na mashambani, na msukumo mkubwa wa kampeni ile ulitoka kwa Waziri Mkuu, Edward Sokoine. Mwaka uliofuata Sokoine alifariki katika ajali ya barabarani, humuhumu mkoani Morogoro, na Julai 1984 chuo kikuu cha kilimo kikapewa jina lake. Sisemi hivi kwa kejeli. Namheshimu Sokoine kama wengi wanavyomheshimu. Nasema tu kwamba chuo hicho kimesimama chini ya mlima uliokataa matuta ya lazima, kikibeba jina la kiongozi aliyeamini kwamba mtu asiye na kazi anaweza kupelekwa kazini. Mtu wa historia hawezi kupita langoni pake bila kuyawaza yote mawili.

Tuje kwenye wakati wetu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Waliofika walizidi 10,000, wakaketi kwenye viti vya mashabiki wakisubiri karatasi ya mtihani. Picha zile zilizunguka nchi nzima na watu wakazicheka, nami sikuona cha kucheka. Zilionesha watu 10,000 wakiwa tayari kusafiri, kulala stendi na kushindana kwa nafasi ambazo wengi wao walijua hawazipati. Mvivu habebi taabu ya namna hiyo. Wala mtu anayechagua kazi hagombei moja kati ya 70 bila kuuliza ni ya nini.

Na wale walio bado masomoni? Katika vyuo vya mji huu na vya jirani, Mzumbe ikiwemo, mwanafunzi wa kawaida ana mishemishe. Bumu la Bodi ya Mikopo, kwa wanaolipata, huisha kabla ya muhula. Basi mmoja ni wakala wa fedha za simu, mwingine ana pikipiki anayoiendesha usiku, wa tatu anasuka nywele za wenzake bwenini, wa nne anafundisha tuisheni watoto wa Kihonda, wa tano hununua mboga alfajiri kwa akina mama walioshuka mlimani na kuzisambaza kwa wapishi. Sisi wahadhiri huziona shughuli hizi tunapohesabu mahudhurio, nasi huziita usumbufu wa masomo. Kwa muda sasa nimekuwa na mazoea ya kuwauliza wanafunzi kuhusu kazi hizo, na jambo moja hunirudia kila mara. Anayelalamika zaidi si yule anayechoka zaidi. Msusi na muuza mboga huzungumzia kazi zao kwa undani wa kushangaza: bei ya juma lililopita, mteja asiyelipa, mtindo mpya waliojifunza. Aliyekaa ofisini miezi miwili katika mafunzo kwa vitendo, kwenye kiti chenye feni, akitumwa chai na kunakili nyaraka bila posho, hana la kusimulia. Anachokumbuka ni kwamba fomu yake ilitiwa sahihi.

Wa kwanza yuko Mgeta, wa pili yuko Matombo.

Ndiyo maana sikubaliani na mahubiri ya jiajirini kama yanavyotolewa. Yanamwambia mhitimu achimbe tuta, hayamwambii ardhi ni ya nani, maji yatoke wapi, wala lori la sokoni litapita lini. Kijana ambaye wazazi wake hawana ekari hawezi kuula ushauri. Na pale kazi ya kuajiriwa inapopatikana, hutolewa kwa masharti ambayo manamba angeyatambua: kujitolea kwa muda usio na kikomo, mkataba wa mdomo, malipo ya mwezi huu mwezi ujao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi na inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ni wanafunzi wangapi tunaowatuma kwenye mafunzo wakiwa wameisoma? Tunawafundisha kuandika wasifu wa kazi, hatuwafundishi kuusoma mkataba.

Vyuo vyenyewe vina la kufanya, na halihitaji bajeti mpya wala mfadhili. Vina mashamba, maktaba, maabara, migahawa na tovuti. Kazi nyingi za humo zinaweza kufanywa na wanafunzi kwa saa chache za kulipwa, kwa mkataba ulioandikwa, na kwa uhuru wa kupanga namna ya kuifanya. Ratiba ya vipindi inaweza kuachwa na alasiri mbili zilizo wazi badala ya kutawanya saa moja asubuhi na saa moja jioni. Wapo watakaosema mwanafunzi amekuja kusoma, si kufanya kazi. Ni hoja ya mtu ambaye ada yake ililipwa na serikali, kama yangu ilivyolipwa kwa sehemu kubwa, na haina nguvu mbele ya mtu aliyelala bila kula ili anunue vitini.

Muhula ujao nitapanda Mgeta na wanafunzi wa somo la historia ya uchumi. Kila kundi litakaa siku nne na familia moja ya wakulima wa mboga, na litakuja na maelezo ya tuta moja tu: lilichimbwa na nani, lini, kwa uamuzi wa nani, nani analirithi, na fedha za kabichi ya mwisho zilikwenda wapi. Makundi mawili yataelekea Matombo kuuliza maswali hayohayo kwa wazee waliobaki wanaoyakumbuka mambo ya mwaka 1955, au waliosimuliwa na mama zao. Nauli ya wanafunzi italipwa, na siku zao zitahesabiwa kama kazi.